Bodi yenye nguvu hujizima ikifika mkondo wa Shela: ni waya, joto, chumvi au tanga?

#1 MwanaWaMkomani
Assalamu alaykum, wanajukwaa. Naleta jambo ambalo limenishinda kwa wiki ya tatu sasa. Nimeunda sanduku la kubebeka kwa ajili ya mashua ya ami yangu, anayechukua abiria kutoka gatini mjini Lamu hadi Shela na Ras Kitau. Ndani ya sanduku mna kompyuta ya bodi moja, Raspberry Pi 5 ya gigabaiti 8, skrini ya inchi 7, kipokezi kidogo cha redio cha USB kinachonasa ishara za AIS, yaani zile ambazo meli hurusha kujitambulisha na kueleza zilipo, kipokezi cha GPS, na pawabenki ya mAh 20,000 ambayo huchajiwa na paneli ndogo ya sola niliyoifunga shetrini, nyuma ya mashua. Nia yangu ni kuzionyesha kwenye ramani meli zinazoingia bandari mpya kule Kililana, na wakati huohuo kuandika njia mashua inayopita.

Nyumbani sanduku hili lilifanya kazi siku mbili mfululizo bila kasoro. Likitiwa mashuani hujizima na kuwaka upya mara tatu au nne kila safari, na karibu kila mara ni pale kwenye mkondo wa Shela. Mimi huwa kazini mchana, kwa hiyo hutegemea daftari la GPS ambalo kompyuta huliandika. Safari iliyopita ilizimika mara ya kwanza saa 09:10, yaani saa tatu na dakika kumi asubuhi, wakati jua halijawa kali. Kwa hiyo naomba mtu asinitajie joto.

Dai langu ni kwamba bodi hizi zenye nguvu ni za mezani, na anayezifanya za kubebwa anajitafutia taabu. Je, nimekosea?

#2 Fundi_Langoni
Wa alaykum salaam. Umekosea, tena kabla hujailaumu bodi tuambie waya. Mimi hutengeneza simu, na katika kila vifaa kumi vinavyoletwa dukani kwa madai kwamba "havipati moto", vichache mno ndivyo vyenye ubovu ndani.

Chukua waya wa shaba wa geji 24. Ukinzani wake ni takriban ohm 0.084 kwa kila mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja na nusu ni mita tatu, na ukinzani wake unafika ohm 0.25. Bodi ikivuta ampea 2 umepoteza nusu volti njiani. Pawabenki imetoa volti 5.0, bodi imepokea 4.5, ilhali Raspberry Pi huanza kutoa onyo la umeme hafifu ikishuka chini ya volti 4.63 hivi. Waya wako una urefu gani, na ni ule uliokuja na chaja au ni wa kuokoteza?

#3 Kijaluba
Fundi anauliza urefu wa waya, mimi nauliza ukubwa wa bodi. Bwana Mkomani, umemkodi punda mzima abebe kilo moja ya sukari. Bodi hiyo inataka wati 27! Nunua Raspberry Pi Zero 2 W, ile bodi ndogo, itie ndani ya kijaluba pamoja na tambuu, nawe utakuwa umemaliza. Pawabenki yako ya mAh 20,000 kwa volti 5 ina wati-saa 100, nayo itaiendesha Zero siku nne.

#4 Mhandisi_Mvita
Ndugu Kijaluba ameandika mistari minne na kukosea mara mbili, jambo ambalo yeye ni hodari nalo.

Kwanza, wati 27 ni uwezo wa chaja rasmi ya Pi 5, ambayo kwa volti 5.1 hutoa hadi ampea 5. Bodi yenyewe haivuti kiasi hicho. Ikikaa bila kazi huvuta wati 3 hivi, ikifanyishwa kazi nzito hufika 7 au 8. Ukiongeza skrini na kile kipokezi cha redio, ambacho peke yake huvuta karibu ampea 0.3, sanduku zima linazunguka wati 10.

Pili, mAh 20,000 zilizoandikwa juu ya pawabenki hupimwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani, wala si kwa volti 5 za mlangoni. Kwa hiyo ni wati-saa 74, na baada ya hasara ya kupandisha volti unabaki na 60 hivi. Sanduku la wati 10 litakwenda saa sita, si siku.

Kuhusu Zero 2 W, ni bodi nzuri iliyotoka mwaka 2021, nayo itapokea AIS bila shida. Lakini ina megabaiti 512 za memori tu. Mwambie afungue ramani ya bahari, aisogeze na kuikuza huku akiandika daftari, kisha uje utusimulie.

#5 MwanaWaMkomani
Shukrani. Fundi, waya ni wa mita moja na nusu, niliutoa kwenye chaja ya zamani ya simu kwa sababu sanduku huwekwa chini ya teu (ubao wa ndani ya mashua) na pawabenki hukaa shetrini karibu na sola. Nyumbani nilikuwa natumia chaja rasmi ya wati 27 yenye waya wake.

#6 Fundi_Langoni
Basi ulifanya majaribio mawili tofauti ukayaita moja. Siku mbili za nyumbani hazituambii lolote kuhusu pawabenki na waya wa baharini. Nunua waya mfupi, mnene, kisha urudi.

#7 BintiSiyu
Naomba niingie kwa sababu nami nina sanduku kama hilo, ingawa langu haliendi baharini ila kwa kuvuka. Mimi hupiga picha hati za kale zilizohifadhiwa katika majumba ya watu, na kwa kuwa wenyewe hawaruhusu zitoke nje, kompyuta ndiyo inayozifuata. Nina Pi 5 na kamera rasmi ya megapikseli 12. Dai la bwana Mkomani kwamba bodi yenye nguvu ni ya mezani silikubali hata kidogo. Kwenye Pi 4 nilikuwa nikisubiri picha moja inyooshwe na kusafishwa hadi mwenye nyumba akamaliza kahawa yake, na sasa tunafungua ukurasa unaofuata bila kungoja. Mwenye kutaka kuhamia bodi hii ajue tu kwamba mlango wa kamera umekuwa mdogo, wa pini 22, na ule utepe wa zamani wa pini 15 hauingii. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshafika nyumbani kwa watu, na ikabidi niombe radhi na kurudi.

Kuhusu kuzimika, kwangu sababu ilikuwa chumvi. Chumvi ikikauka juu ya bodi haikuachi, kwani huvuta unyevu wa hewa kila jioni na kuwa njia ya umeme mahali ambapo hapapaswi kuwa na njia. Niliona ukungu wa kijani kwenye pini za shaba baada ya miezi miwili. Nilisugua kwa spiriti na mswaki laini, nikapaka varnishi maalumu ya bodi, nikiziba milango kwa utepe kwanza ili isiingie. Kabla ya hapo nilijaribu rangi ya kucha, nayo ilishika kwa muda kisha ikabanduka kwa joto. Bwana Mkomani, fungua sanduku utazame kwa kurunzi.

#8 Mhandisi_Mvita
Narudi kwenye #1, kwa sababu kuna jambo limepita bila kuulizwa. Hiyo saa 09:10 umeisoma wapi? Kama umeisoma ndani ya sentensi za GPS zenyewe, yaani mistari ya data inayotolewa na kipokezi, basi ile ni saa ya ulimwengu, UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa 09:10 ya GPS ni 12:10 ya hapa, yaani saa sita na dakika kumi mchana.

#9 Kijaluba
Saa tatu asubuhi imegeuka saa sita mchana kwa kusoma tu! Sasa lile jua "ambalo halijawa kali" liko utosini.

#10 MwanaWaMkomani
Nakiri. Nimeangalia, nami nilisoma tarakimu sita za mwanzo za ile sentensi kama zilivyo. Kosa ni langu. Kumbe hata ami aliponiambia kwamba huzimika "adhuhuri" nilidhani amechanganya safari.

Nimenunua waya wa sentimita 30, wa geji 20, ulio mnene zaidi, nikaihamishia pawabenki ndani ya sanduku. Safari ya jana ilizimika mara mbili badala ya nne. Kwa hiyo Fundi ana nusu ya ukweli, lakini nusu tu. Nimefungua sanduku pia na sikuona ukungu wa kijani, ila kwenye mlango wa HDMI mmoja pana doa jeupe ambalo huenda likawa chumvi.

#11 Msafiri_wa_Malindi
Basi ruhusuni joto lirudi barazani. Nilikuwa na sanduku jeusi la plastiki, lisilopitisha hewa, nikilitumia kupiga picha za miamba kwa mwendo wa polepole karibu na hifadhi ya bahari hapa Malindi. Niliziba kila tundu kwa kuogopa maji. Bodi ilifika nyuzi 80 kabla ya saa moja kupita. Feni ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zote, lakini ilizungusha hewa ileile ya moto, kama mtu anayejipepea ndani ya tanuri. Nilipaka sanduku chokaa nyeupe kwa nje, nikagusisha bamba la alumini kati ya prosesa na ukuta wa sanduku ili joto litoke, na tangu hapo halikuzimika. Sanduku lako lina rangi gani?

#12 MwanaWaMkomani
Jeusi.

#13 Fundi_Langoni
Msafiri ametupa kisa kizuri chenye hitimisho bovu. Pi 5 ikifika nyuzi 80 haizimi, hupunguza mwendo wa prosesa kutoka gigahetsi 2.4, na ikifika 85 huupunguza zaidi. Ramani ingekuwa nzito na kusitasita, lakini bodi isingewaka upya. Kuzima ni jambo la umeme.

Hata hivyo, na hapa najikosoa mwenyewe kwa sababu ndimi niliyemwambia afupishe waya, pawabenki sasa imo ndani ya sanduku jeusi pamoja na bodi. Seli za lithiamu nyingi hazipaswi kutoa umeme zikipita nyuzi 60, wala kuchajiwa zikipita 45, na pawabenki nzuri huwa na ulinzi wa kujikata. Huenda tumeondoa kosa la waya na kuleta kosa la joto, tukapata mbili badala ya nne.

#14 Msafiri_wa_Malindi
Kwa hiyo ni joto.

#15 Fundi_Langoni
Ni umeme uliokatwa na joto, kama ni joto.

#16 AmiNahodha
Assalamu alaykum. Ninaandikiwa na binti yangu kwa sababu macho yangu hayapatani na herufi hizi ndogo. Mimi ndiye mwenye mashua inayotajwa, na nimesomewa yote kuanzia juu.

Nyote mnazungumza habari ya sanduku na hakuna aliyemuuliza aliyekaa nalo. Kusi likivuma, kutoka mjini kwenda Shela upepo uko usoni, kwa hiyo hatuendi moja kwa moja, tunabisha, yaani tunakwenda upande huu na upande huu. Mkondo ule kati ya Lamu na Manda si mpana, nasi hugeuka mara nyingi. Kila tunapogeuka foromali, ile boriti ya tanga, huhamishiwa upande wa pili wa mlingoti, tanga hupita juu ya vichwa, abiria huhama, na mashua hutikisika. Sanduku hili mara nyingi huzima pale tunapogeuka. Wakati wa kurudi, upepo ukiwa nyuma, hulala kimya isipokuwa mara moja moja. Nilimwambia mwanangu, lakini yeye aliangalia daftari.

Na nimwambie Bwana Kijaluba, anayetaka kifaa kidogo, kwamba mimi ninayo bildi ya kupimia kina, ni risasi na kamba, na tangu niirithi haijawahi kuwaka upya.

#17 Kijaluba
Shikamoo, ami. Bildi imenishinda, sina la kusema. Lakini haionyeshi meli ya Kililana.

#18 MwalimuPate
Ushuhuda wa ami umenifumbua. Mimi huchukua bodi ya namna hii mashuleni kisiwani Pate, ikiwa na Wikipedia ya Kiswahili na vitabu ndani yake kwa programu ya Kiwix. Hugeuzwa kuwa kituo cha Wi-Fi, na wanafunzi husoma kwa simu na tableti bila intaneti. Mwanzoni nilitumia pawabenki iliyounganishwa na paneli ya sola, kama bwana Mkomani. Kila wingu lilipopita darasa zima lilipotea.

Sababu yake ni hii. Pawabenki nyingi zinapoanza kuchajiwa, au zinapoacha kuchajiwa, hubadilisha mpangilio wa milango yake, na katika kubadilisha huko hukata umeme wa kutoka kwa muda mfupi mno. Simu haijali, kwa kuwa ina betri yake. Bodi haina betri, kwa hiyo mkato wa kufumba na kufumbua unatosha kuiangusha. Sasa fikirieni paneli iliyofungwa shetrini, na tanga linalopita juu yake kila mashua inapogeuka. Kivuli cha tanga kinaingia, sola inakatika, kivuli kinatoka, sola inarudi. Mashua ikienda na upepo nyuma, tanga liko upande mmoja na kivuli hakihami.

Mimi niliiacha pawabenki kabisa. Nina betri ya lithiamu-fosfeti ya volti 12.8 na ampea-saa 6, yaani wati-saa 77 hivi, sola ikiingia kwa kidhibiti chake, na kishusha volti kinachotoa 5.1 imara. Betri hupokea na kutoa kwa wakati mmoja bila kubadilisha chochote. Ni nzito kuliko pawabenki, nalikubali hilo, na begani husikika.

#19 MwanaWaMkomani
Mwalimu, shukrani. Sikuwahi kukifikiria kivuli.

#20 Fundi_Langoni
Maelezo ya Mwalimu yanapendeza masikioni, ndiyo maana nayashuku. Ami amesema mambo mawili kwa pamoja, kwamba tanga hupita na kwamba mashua hutikisika. Mlango wa USB wa aina ya C haukuumbwa kwa ajili ya kutikisika. Ukiwa umelegea kidogo, mguso wa robo ya nukta (sekunde) unatosha kukata umeme, na kisa chenu cha kivuli kikawa kisa cha plagi. Ningekuwa mimi ningelehemu waya mbili kwenye pini za bodi, pini ya 2 na ya 4 kwa volti 5 na ya 6 kwa hasi, nikazifunga kwa kibano zisicheze.

#21 Mhandisi_Mvita
Ukipita pinini, kumbuka kwamba bodi haitajua uwezo wa umeme inaolishwa, na itadhani ni dhaifu. Hata sasa, kwa kuwa pawabenki haitoi ampea 5 kwa volti 5, bodi inazibana milango yake yote ya USB isipite ampea 0.6 kwa jumla. Kipokezi cha redio huchukua nusu ya hizo. Kama skrini nayo inakula kutoka USB, umeshavuka. Kwenye faili ya config.txt upo mstari usb_max_current_enable=1 unaolegeza kibano hicho, lakini usiuweke kabla hujawa na chanzo imara, kwa sababu utakuwa umefungua bomba kwenye tangi tupu.

Nasema hivyo nikijua kwamba kuzidi kiwango hicho huangusha vifaa vya USB, si bodi nzima. Ni tatizo jingine, si jibu la tatizo hili.

#22 BintiSiyu
Nina swali ambalo linaweza kusaidia kutenganisha madai haya. Bwana Mkomani, je, umeweka ile betri ndogo ya saa kwenye bodi? Pi 5 ina saa yake ya ndani, lakini bila betri saa hiyo hufutika umeme ukikatwa. Bodi ikiwaka tena bila intaneti huanza kuhesabu kutoka wakati wa mwisho uliohifadhiwa, mpaka GPS iirekebishe. Kama kwenye kumbukumbu za mfumo wakati umerudi nyuma au umekwama, basi umeme ulikatwa kweli. Kama saa haikupoteza hata nukta, basi bodi ilijiwasha upya yenyewe umeme ukiwapo, na wote mnaobishana kuhusu waya, kivuli na plagi mnabisha kusiko na upepo.

#23 Mhandisi_Mvita
Hilo ni swali bora kuliko majibu yote yaliyotangulia, yangu yakiwamo. Naongeza moja. Amri ya vcgencmd get_throttled huonyesha kama bodi imewahi kukosa umeme wa kutosha, lakini kumbukumbu yake ni ya tangu ilipowaka tu. Ikizima, ushahidi hufutika. Tunga programu fupi iandike jibu la amri hiyo pamoja na joto kila baada ya nukta tano, kwenye kadi ya kumbukumbu, na ilazimishe kuandikwa papo hapo. Ukisoma mwisho wake 0x50000, umeme ulidhoofika na bodi ikabanwa kabla ya kifo. Ukisoma 0x80000, ni joto lililovuka mpaka.

#24 Msafiri_wa_Malindi
Na kadi yenyewe? Kukatika hivyo mara nne kila safari kutaiua. Yangu ilikufa. Ufanye mfumo uwe wa kusoma tu, na daftari liandikwe kwenye kijiti cha USB.

#25 AmiNahodha
Ningependa kuuliza jambo nje ya umeme. Nimeliangalia sanduku hili siku linapofanya kazi. Linaonyesha meli kubwa ya makontena iliyo mbali, ambayo naiona kwa macho. Halionyeshi mashua ya jirani yangu iliyo mbele yangu, ambayo ndiyo nitakayoigonga usiku. Kisha mchana skrini haisomeki, naona kofia yangu tu.

#26 MwanaWaMkomani
Ami, umesema kweli. AIS inalazimishwa kwa meli za safari za kimataifa zenye tani 300 na kuendelea, na mashua zetu hazimo. Ishara hurushwa kwenye megahetsi 161.975 na 162.025, na asiyerusha hawezi kuonekana. Faida yake kwako ni kujua meli inaelekea wapi na kwa kasi gani kabla hujakata mbele yake kule nje ya Manda. Kuhusu skrini, nimefanya makosa ya kununua ya ndani ya nyumba. Nitakata kibanda cha turubai juu yake.

#27 Kijaluba
Kwa hiyo tumefika #27 na sanduku linafanya kazi nyumbani, usiku, kwa mwenye kutazama meli ambazo tayari anaziona. Punda wangu wa #3 bado anangoja mzigo.

#28 MwanaWaMkomani
Nimerudi na matokeo ya safari ya leo. Sikubadilisha yote kwa pamoja, nilichomoa sola tu na kuweka betri ya saa ambayo BintiSiyu alinikumbusha, pamoja na programu ya kuandika kila nukta tano. Waya ni uleule mfupi, sanduku ni lilelile jeusi.

Tulibisha mara kumi na moja kwenda Shela, kwa hesabu ya ami, na halikuzimika hata mara moja. Lilizimika mara moja tu, tukiwa tumetia nanga Ras Kitau, tanga limekunjwa, mashua imetulia kabisa. Ilikuwa saa saba kasoro dakika nane mchana, na safari hii nimejumlisha zile saa tatu. Mstari wa mwisho kabla ya kuzima unasema 0x50000, na joto la bodi nyuzi 71.

#29 MwalimuPate
Mara kumi na moja bila sola, na bila kuzima. Kivuli kimeshinda.

#30 Fundi_Langoni
Mwalimu asherehekee polepole. 0x50000 ni umeme hafifu, nami nilisema umeme tangu #2. Pawabenki ilikuwa imekaa juani saa nne ndani ya sanduku jeusi. Bodi nyuzi 71, na seli je? Hakuna aliyezipima.

#31 Mhandisi_Mvita
0x50000 inasema kwamba volti ilishuka. Haisemi aliyeishusha. Na safari moja haitoshi, kwa sababu leo upepo ulikuwa mdogo na mashua haikutikisika kama juzi. Ami, ni kweli?

#32 AmiNahodha
Ni kweli. Leo yalikuwa maji mafu na upepo wa kitoto. Wiki ijayo ni bamvua, mkondo wa Shela utakimbia.

#33 BintiSiyu
Na lile doa jeupe kwenye HDMI, umelisafisha?

#34 MwanaWaMkomani
Bado, dada. Nitalisafisha usiku huu kwa spiriti, kisha nitafunga kipimajoto juu ya pawabenki yenyewe. Sola nitairudisha safari ya kwanza ya bamvua, nitaiondoa ya pili, bila kugusa kitu kingine. Ami amekubali kuweka alama ya chokaa kwenye ubao kila tunapogeuka, ili tusitegemee daftari peke yake.

#35 AmiNahodha
Nimekubali kwa sharti kwamba sanduku lihame kutoka pale lilipo. Ndipo abiria mwenye jeraha la miguu hukaa, na kila tukigeuka huniuliza hiki kinachowaka na kuzima chini ya teu ni kitu gani.